Naomba ushauri: watoto wa paka, mama yao kagongwa na tuktuk

Jamani, hamjambo? Niko Kibokoni, Mombasa. Paka aliyezalia darini kwetu kagongwa na tuktuk, kaacha watoto watatu, macho bado hayajafumbuka. Wamo kwenye boksi, na kanga kuukuu na chupa ya maji moto. Maziwa ya ng'ombe najua yatawaharisha, na yale yao ya unga bei yake si mchezo. Je, ya mbuzi yatafaa kwa muda? Nawanywesha kwa bomba la sindano, kifudifudi wasipaliwe, kila saa mbili tatu, usiku pia. Wasiwasi wangu ni yule mweusi. Nampangusa chini kwa pamba yenye maji vuguvugu, mkojo unatoka, choo hapati, tumbo limekaza. Nyanya asema nimnyweshe mafuta ya nazi, mie naogopa. Nimkimbize kwa daktari wa mifugo leo leo?