MJADALA: Kodi ya vyakula vya mafuta, tumtoze mla chipsi au tulifuate dumu?

Mleta mada (Dodoma mjini)

Wakuu, habari za jioni. Kila Bunge la bajeti likikaribia hapa kwetu, bia, sigara na soda huanza kujikunyata kwa kuogopa kodi. Sasa kuna wanaotaka chipsi, kuku wa kukaanga na sambusa navyo viunganishwe, hoja yao ikiwa ni kwamba vinatumaliza. Jana ofisini tuligombania jambo hili mpaka chai ikapoa. Nimelileta hapa.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Kuna kijana ninayekula kwake karibu na Sabasaba. Juzi, nikisubiri zege langu (chipsi mayai), nikaangalia karai. Mafuta meusi kama chai ya rangi iliyolala. Yalipopungua hakuyamwaga, akachota kikombe cha mapya akamimina juu ya ya zamani. Povu likapanda mpaka ukingoni, akalipuliza, akatumbukiza viazi. Nikamuuliza huwa anabadilisha lini. Akacheka: "Bro, haya hayabadilishwi, yanaongezewa." Nikalipa, nikala. Ndiyo, nilikula. Msinihukumu.

Sasa niambieni, kodi ya afya mtaikamatia wapi hapo? Yule kijana hana EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Enzi za vitambulisho vya machinga alilipa 20,000 yake akamaliza. Jimbo la Kerala kule India lilijaribu mwaka 2016, likaweka asilimia 14.5 kwenye baga, piza na vya jinsi hiyo. Iliwaangukia migahawa yenye majina, wa karai mtaani akaendelea kukaanga.

Msimamo wangu: usimfuate mla kwenye sahani, fuata dumu. Na kwa taarifa yenu kodi ya mafuta tunayo tayari, ila imevaa kofia ya kilimo. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje, ghafi asilimia 25, yaliyosafishwa 35. Sababu iliyotajwa ilikuwa kumlinda mkulima, moyo wa mlaji haukutajwa. Lakini yanayoingia kwa wingi ni mawese, na mawese karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda, ambayo madaktari wanayalaumu kwa maradhi ya moyo. Alizeti yetu ni kama asilimia 11 tu. Kwa hiyo ninachosema ni kuivua hiyo kofia: tuseme wazi kwamba mafuta yanayoganda yanalipa zaidi, popote yanapotoka.

Karibuni mnipinge.

Mkaanga chipsi, Majengo

Umekula, umeshiba, halafu unakuja kutusema.

Ngoja nikufundishe biashara. Dumu la lita 20 likipanda hata elfu tano, mimi simpandishii mteja sahani, maana jirani yangu hapandishi. Nitafanyaje? Nitakaangia mafuta yaleyale siku mbili zaidi. Hiyo ndiyo kodi yenu ya afya. Mtatuletea mafuta meusi kuliko hayo uliyoyaona.

Mwanafunzi, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)

Naunga mkono kodi. Meksiko tangu Januari 2014 wanatoza asilimia 8 kwenye vyakula visivyo vya lazima vyenye kalori 275 au zaidi kwa kila gramu 100. Mwaka wa kwanza ununuzi ulishuka kwa kama asilimia 5, na waliopunguza zaidi ni wenye kipato kidogo. Kwa hiyo msiseme bei haibadilishi tabia. Mimi mwenyewe boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likikata narudi kwenye maharage.

Mleta mada

Dogo, wale walitoza vitu vya pakiti vinavyotoka kiwandani. Hapo nakubaliana na wewe, zile krisps na biskuti za mia mbili wanazonunua watoto getini shuleni zinatozeka kiwandani kabla hazijafika Dodoma. Mimi nasumbuliwa na karai.

Mla mishkaki

Kwa hiyo mishkaki iko salama? Naomba jibu kabla ya Ijumaa.

Nesi, wilaya ya Bahi

Nimesoma kimya, lakini hapo kwenye "fuata dumu" nimeshindwa kuvumilia.

Siku ya kliniki ya presha benchi linajaa mpaka watu wanakaa chini ya mwarobaini. Sipingi kwamba tatizo lipo. Ule utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na nikiangalia foleni yangu siamini kama wamepungua. Ila kesho yake benchi lilelile linakaliwa na akina mama wenye watoto, nami nashika ule utepe wa kupimia mkono, unasoma njano, mwingine nyekundu, yaani utapiamlo. Takwimu za nchi za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hawa ninaowapima wanakula ugali wa uwele na mlenda, asubuhi uji mwepesi. Ninachomwambia mama ni nini? "Weka kijiko cha mafuta kwenye uji." Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Na mama huyu hanunui dumu. Ananunua ya kupima, kwa kikombe, na aghalabu ni hayohayo mawese kwa sababu ndiyo ya bei ya chini. Mkipandisha huko juu, mwenye zege Sabasaba atalalamika mtandaoni. Huyu wa kwangu ataacha kijiko, na hakuna atakayemsikia.

Mkulima, Kongwa

Dada nesi nakuheshimu, lakini huyo mama angeweza kununua ya alizeti kama sisi wakulima tungekuwa na bei. Sisi tunalima, mwaka 2023 bei ya gunia ikaanguka mpaka wengine wakaapa hawarudii, mafuta ya nje yamejaa dukani. Ushuru ukishuka tunakufa sisi, ukipanda mnasema anakufa mama. Tozeni mawese, acheni ya kwetu. Shudu tunauzia wafugaji, hakuna kinachotupwa.

Mkaanga chipsi, Majengo

Mzee, alizeti ya mashine ndogo uliwahi kukaangia karai kubwa kutwa nzima? Inatoa povu, inachacha haraka. Mawese yanavumilia moto. Hatuyapendi kwa ujinga.

Mstaafu wa serikali, Kikuyu (hapa Dodoma)

Mmeisahau Denmark. Oktoba 2011 walikuwa wa kwanza duniani kutoza yale mafuta yanayoganda, kroner 16 kwa kilo. Siagi, jibini na nyama vikapanda bei, watu wakavuka kwenda kununua Ujerumani na Uswidi, na kufikia Januari 2013 kodi imefutwa. Lakini nchi hiyohiyo mwaka 2003 ilishaweka kikomo cha yale mafuta yaliyogandishwa kiwandani (trans fat, si yale yanayoganda yenyewe kama mawese), yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Hapo mlaji hakuombwa senti, kiwanda ndicho kilichobanwa. Kikomo hicho hakikufutwa, na nchi nyingine zikakiiga. Vijana mnakimbilia kodi kwa sababu inaleta fedha.

Mleta mada

Mzee wa Kikuyu na nesi mmenipunguza nguvu, nakiri. Nilikuwa nawaza mawese kama kitu cha kwenye karai tu, kijiko cha uji sikukifikiria. Narudi nyuma hatua moja: vya pakiti vitozwe kiwandani, na yale ya kugandishwa kiwandani yawekewe kikomo badala ya kodi. Mafuta ya kupima yaachwe.

Linabaki karai, na hapo mkaanga chipsi ndiye aliyenishinda. Kodi itayazeesha mafuta yake. Swali kwako basi: mafuta machakavu yanatengeneza sabuni. Akija mtu jioni akanunua hayo meusi kwa bei itakayokusaidia kununua mapya, utayamwaga?

Mkaanga chipsi, Majengo

Bei gani kwa lita?

Mleta mada

Wewe sema.

Mkaanga chipsi, Majengo

Nusu ya bei ya mapya. Na aje kabla ya saa nne usiku, mimi nafunga.

Mla mishkaki

Bado sijajibiwa.