Mjadala: Anayetoka gerezani apewe vifaa vya kazi?

Wadau, Desemba 9, 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Kule gereza la Ruanda, Mbeya, mmoja aliyesamehewa akagoma kutoka, akidai maisha ya uraiani magumu. Ilichukuliwa kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Ufundi ndani upo. Ruanda kwenyewe wanafundisha, Karanga kule Moshi kuna kiwanda cha viatu, na samani za Magereza zipo maofisini. Shida inaanzia getini. Mtu ana cheti cha useremala, hana randa wala msumeno. Laini ya simu bila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) haisajiliwi. Mwenyekiti wa mtaa anasita kumwandikia barua ya utambulisho. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu? Ile inakwenda kwa vikundi, na kikundi ni watu wanaoaminiana. Nitajieni kikundi cha vijana kitakachompokea mtu aliyetoka "ndani" wiki iliyopita.

Pendekezo langu: sehemu ya mauzo ya kazi za wafungwa iwekwe akiba kwa jina la kila mmoja, na siku ya kutoka akabidhiwe vifaa. Sio fedha taslimu.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, mimi nilivunjiwa duka. Jamaa akafungwa, mimi nikabaki na deni la benki. Leo yeye apewe randa? Mimi nani alinirudishia hata kilo moja ya sukari? Mnawaonea huruma wezi kuliko walioibiwa.

*Mleta mada:* Hapo umenibana, na ni haki yako. Basi fidia ya aliyeibiwa ikatwe kwanza kwenye akiba hiyohiyo, vifaa vifuate. Mahakama inaweza kuamuru ulipwe, lakini utamkamua nini mtu asiye na senti? Akiwa na akiba, angalau una pa kushika.

*Mchangiaji wa pili:* Mimi nina karakana ya mbao, nimeajiri wawili waliotoka. Mikono yao safi, kuliko vijana wengi ninaoletewa. Mmoja aliondoka mwenyewe: wateja walikuwa wakija wanauliza "yule ndiye?", wengine wanahamisha oda. Na vifaa alikuwa navyo, vyake mwenyewe, kaka yake alimnunulia. Kwa hiyo mleta mada, randa haimalizi kesi. Serikali imewafundisha, imewapa vyeti. Je, yenyewe iko tayari kuwapa zabuni ya madawati ya shule, au inatusubiri sisi wenye vibanda tuanze?