Mjadala: Nyimbo za jadi za Uturuki ziandikwe lugha zilikotoka?

Wakuu, ukichukua karatasi ya nota ya türkü, yaani wimbo wa jadi, kutoka hazina ya TRT, shirika la utangazaji la Uturuki, utakuta juu yake eneo wimbo ulikotoka, jina la aliyeuimba, la aliyeukusanya na la aliyeuandikia nota. Lugha haina mstari wake. Mimi nasema uongezwe.

Kati ya 1937 na 1952 watu wa Konsevatori ya Ankara, yaani chuo cha muziki, Muzaffer Sarısözen akiwa kinara wao, walizunguka Anatolia, yaani bara la Uturuki upande wa Asia, na mashine ya kurekodi, wakakusanya nyimbo zipatazo 10,000. Sarısözen akazipeleka redioni katika kipindi cha Yurttan Sesler, kwaya nzima ikiimba kile ambacho kijijini huimbwa na mtu mmoja na bağlama yake, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Bila wao nyingi zingezikwa na wazee waliozijua. Kwa hilo nawaheshimu sana.

Ila kazi ile ilikuwa na shabaha. Ziya Gökalp, mwanafikra wa utaifa wa Kituruki, alishaandika mwaka 1923 kwamba muziki wa taifa ujengwe kwa nyimbo za wananchi na ufundi wa Ulaya. Taifa moja, lugha moja. Ndivyo nyimbo za Wakurdi zilivyovishwa maneno ya Kituruki, zikaandikwa jina la mji tu, "Diyarbakır" au "Urfa", basi. Kisha sheria nambari 2932 ya mwaka 1983 ikakifungia Kikurdi hadi 1991. Hata baada ya hapo, mwaka 1999, mwimbaji Ahmet Kaya alitangaza kwenye hafla ya tuzo kwamba atarekodi wimbo wa Kikurdi, akarushiwa uma na visu ukumbini. Aliihama nchi, akafia Paris mwaka uliofuata. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni wimbo wa Sarı Gelin. Waturuki wanauhesabu kuwa wa Erzurum, Waarmenia wanasema ni wao, Waazeri nao vilevile. Nyimbo huhama na wachungaji, na askari, na mabibi harusi, nani atahukumu? Jibu langu: ziandikwe lugha zote tatu. Karatasi ina nafasi ya kutosha.

Wengine wanahofia kwamba tutawagawa watu. Siikubali hofu hiyo. Diyarbakır kuna nyumba ya dengbêj, waimbaji wa masimulizi ya Kikurdi, tangu 2007, na TRT yenyewe ilifungua televisheni ya Kikurdi mwaka 2009. Shirika linalotangaza kwa lugha hiyo kutwa nzima linashindwaje kuandika neno "Kikurdi" juu ya nota?

Kinachonitatiza ni zile nyimbo ambazo maneno ya kwanza yamepotea kabisa, imebaki sauti yake na madai ya wazee wa pande mbili. Hizo tuandikeje? Mwenye hoja aje nayo, hasa anayepinga.