KQ au KLM, Nairobi–Amsterdam: nipande ipi nikitokea Mwanza?

Ngosha_Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Naenda Uholanzi kusoma mambo ya maji, Delft. Wakala wa hapa mjini kaniletea chaguo mbili: Kenya Airways (KQ) na KLM ya Uholanzi. Zote Nairobi–Amsterdam, zote zinaruka usiku na kufika Schiphol, uwanja wa Amsterdam, asubuhi. KQ iko chini kama laki tatu hivi. Wakala anasema nisihangaike kulinganisha, zote ni SkyTeam, ule umoja wa mashirika ya ndege, kwa hiyo ni kitu kimoja. Kama ni kitu kimoja, mbona bei mbili? Aliyewahi kupanda zote mbili anisaidie, natakiwa kulipa wiki hii. Nawasilisha.

Mdau_wa_Igoma
Mkuu, habari umeleta nusu. Ni kwenda tu au kwenda na kurudi? Nairobi unafikaje? Tiketi inaanzia Mwanza, Dar au Nairobi yenyewe? Una mabegi mangapi? Analipa nani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

BintiBwiru
Panda KLM, kaka. Tena Nairobi ya nini? KLM inatua Dar na Kilimanjaro. Unatoka Mwanza asubuhi kwa ndege ya ndani, unapumzika Dar kwa ndugu, usiku unapanda ndege moja mpaka Amsterdam. Hakuna kubadilisha ndege usiku wa manane na mabegi yako.

Mrorya
Dada, Dar kwa mtu wa Mwanza ni kurudi nyuma. Anaenda kaskazini, unampeleka kwanza baharini? Mabasi ya Mwanza–Nairobi yapo, unapita Musoma, Sirari, Migori, Kisii, unaingia mjini. Sisi watu wa Mara tunafanya hivyo siku zote. Na KQ ni Dreamliner, yaani Boeing 787. Presha ya mule ndani imewekwa kama mtu aliye futi 6,000, wakati ndege nyingi za zamani ni kama futi 8,000, na hewa yake haikaushi koo sana. Safari ya zaidi ya saa nane usiku, hilo utalisikia mwilini ukishuka.

BintiBwiru
KLM nao wana 787, tena ndefu kuliko za KQ. KQ wana 787-8, KLM wana 787-9 na 787-10. Kwa hiyo hoja ya hewa haiisaidii KQ peke yake.

Mrorya
Sawa, lakini laki tatu ni laki tatu. Mwanafunzi anafika ugenini, anahitaji koti, kodi ya chumba, baiskeli. Laki tatu aitoe kwa sababu ya rangi ya bluu ya KLM?

Mzee_Kapripointi
Vijana, naomba nimjibu mleta mada swali alilouliza, kwa nini bei mbili. Wakala wako anaongea habari za zamani. KLM walinunua asilimia 26 ya hisa za KQ mwaka 1996, na KQ ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam mwaka 2010. Juu ya hapo walikuwa na mkataba wa biashara ya pamoja. Ndege za Nairobi–Amsterdam ziliuzwa kama biashara ya nyumba moja, mapato yanagawanywa. Wakati ule ukipanda hii au ile, wao kwao ilikuwa sawa. Mkataba huo ulivunjwa Septemba 2021. SkyTeam wamebaki wote, lakini njia ile sasa kila mmoja anauza kwa ajili ya mfuko wake. Hao ni washindani, na ndiyo maana unaona bei mbili. SkyTeam ni makubaliano ya pointi, kumbi za mapumziko na kuunganisha tiketi. Haimfanyi mmoja abebe hasara ya mwenzake.

Ngosha_Nyegezi
Shikamoo mzee. Wabeja sana, hapo umenifungua macho. Mdau, majibu yako: ni kwenda tu, masomo yanazidi mwaka. Mabegi mawili. Analipa mfadhili, ila nalipa kwanza mimi halafu wananirudishia kwa risiti. Kuhusu inapoanzia, wakala kasema tiketi ya KQ ikianzia Dar inakuwa nafuu zaidi, kwa hiyo ataandika Dar–Nairobi–Amsterdam, halafu mimi niende kwa basi nipandie Nairobi.

Mdau_wa_Igoma
SIMAMA HAPO HAPO. Hili ndilo ulipaswa kuanza nalo! Tiketi ikianzia Dar, usipopanda kipande cha Dar–Nairobi, mfumo unakuhesabu hukutokea na vipande vyote vinavyofuata vinafutwa. Utafika Nairobi na basi lako, kaunta watakuambia jina lako halipo. Iwe KQ, iwe KLM, iwe shirika lolote. Huyo wakala mwambie aanzishe tiketi pale utakapopandia, au wewe uende Dar kweli.

Mzee_Kapripointi
Marahaba. Mdau kasema kweli tupu, msikilize.

MamaKirumba
Mwanangu, mimi nitakueleza yaliyonikuta ili yasikukute, na nitaeleza kwa kirefu maana hadi leo linaniuma. Nilikuwa naenda Ujerumani, binti yangu kajifungua mtoto wa kwanza, mumewe yuko kazini, hana mtu. Wakala akanipa karatasi moja, juu yake ndege ya Mwanza–Dar na chini yake ndege kubwa ya kutoka Dar. Nikamuuliza mara mbili, hii ni tiketi moja? Akasema ni moja mama, haya mashirika yanashirikiana.

Siku ya safari mvua ikanyesha hapa Mwanza, ndege ya ndani ikachelewa mpaka alasiri, kisha ikachelewa tena. Nafika Dar nakimbia na kigari cha mizigo, kaunta ya ndege kubwa wameshafunga. Yule binti wa kaunta akatafuta kwenye kompyuta yake, akaniambia mama, sisi hatuna habari yoyote ya wewe kutoka Mwanza. Kwetu wewe ni abiria wa Dar ambaye hakutokea. Nikarudi kwa wale wa ndege ya ndani. Wakasema tulikuahidi kukufikisha Dar, na Dar umefika. Karatasi ilikuwa moja, ila tiketi ndani yake zilikuwa mbili. Majina ya mashirika sitayataja.

Nikanunua tiketi nyingine usiku ule kwa pesa ya kukopa. Na kwa kuwa nilihesabiwa sikutokea, hata kipande cha kurudi kilifutwa. Binti yangu akakaa peke yake na kichanga, kidonda cha upasuaji hakijapona. Wakala nilipompigia simu akasema niwaandikie barua mashirika.

Kwa hiyo usiangalie karatasi, angalia namba ya tiketi. Ina tarakimu kumi na tatu, na tatu za mwanzo zinaonyesha imetolewa na shirika gani. Ya KLM inaanza 074, ya KQ inaanza 706. Ukiona namba mbili zenye vichwa tofauti, jua hizo ni tiketi mbili, na ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui.

BintiBwiru
Pole sana mama. Hii inanirudisha kwenye hoja yangu: nunua yote kwa tiketi moja, au lala Dar usiku mmoja kabla.

Mrorya
Au panda basi, ufike Nairobi siku moja kabla. Mvua ya Mwanza haifuti basi.

Mdau_wa_Igoma
Sasa tuzungumze jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko laki tatu. Kuna kanuni ya Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004. Safari inayozidi kilomita 3,500 ikifutwa ghafla, au ukifika umechelewa saa tatu na zaidi, kwa kosa la shirika lenyewe, unadai fidia hadi euro 600, pamoja na chakula na hoteli wakati unasubiri. Ukiwa unatoka uwanja wa Ulaya, kanuni inakulinda kwa shirika lolote. Ukiwa unatoka huku kwetu kwenda Ulaya, inakulinda tu kama ndege inayoruka ni ya shirika la Ulaya. Nairobi kwenda Amsterdam kwa KLM, umo. Kwa KQ, humo. Njia ni ile ile, saa ni zile zile, umoja ni ule ule, haki ni tofauti. Na wewe unakwenda tu, hurudi, kwa hiyo upande wako ndio ule usiolindwa ukichagua KQ.

Halafu ukumbuke wanaangalia nani anarusha ndege, si namba iliyoandikwa kwenye tiketi. Soma maandishi madogo yanayosema safari inaendeshwa na nani.

Mrorya
Fidia ya Wazungu unaidai miezi. Watakuambia hali ya hewa. Mtu hapandi ndege kwa kutegemea ichelewe.

Mdau_wa_Igoma
Hapandi kwa kutegemea, ila hoteli na chakula ni pale pale uwanjani. Na KQ mwaka 2025 walikuwa na Dreamliner tatu zilizoegeshwa bila kuruka kati ya tisa, wenyewe walisema hivyo walipotangaza hasara ya nusu mwaka. Ndege zikiwa pungufu, moja ikiharibika mbadala unatoka wapi?

Mrorya
Na mwaka 2024 walipata faida, ya kwanza baada ya miaka zaidi ya kumi, hilo hulisemi. Hili ni shirika la Afrika Mashariki. Tukikimbilia kwa Wadachi kila mara, hao wetu watanunua ndege kwa pesa ya nani?

Mzee_Kapripointi
Hapo kwenye "wetu" nina la kusema. Letu lilikuwa East African Airways, la Kenya, Uganda na Tanzania, na lilikuwa na ndege za VC10 zinazokwenda London. Lilivunjika 1977, kila nchi ikaondoka na kipande chake. Mwanza iko ufukweni kusini mwa ziwa la nchi hizo tatu. Tazama ng'ambo: Entebbe iko ufukweni mwa ziwa hili hili, na KLM, Brussels Airlines, Turkish na Ethiopian zote zinatua pale. Sisi tunavua sangara anayeliwa huko huko Ulaya, lakini mtu wetu lazima azunguke Dar au apande basi usiku kucha. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko KQ na KLM.

Kayenze_Boy
Mzee umegusa Entebbe. Mbona hakuna aliyemwambia kuhusu Star Alliance, umoja mwingine kama SkyTeam? Ethiopian na Brussels Airlines wote ni Star, na wote wanakwenda Brussels, mmoja kupitia Addis, mwingine kutoka Entebbe. Kutoka Brussels ni treni mpaka Rotterdam, Delft iko jirani. Nao wanapigana bei hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Ethiopian, kwa mabegi hawajawahi kunibana.

BintiBwiru
Mgeni wa mara ya kwanza, mabegi mawili, ashuke Brussels abadilishe treni? Schiphol stesheni iko chini ya uwanja, na kwa treni Delft ni chini ya saa moja.

Ngosha_Nyegezi
Nawashukuru wote. Wakala kakubali kuandika upya, ianzie Nairobi. KQ imepanda kidogo, tofauti imebaki kama laki mbili. Nimemwandikia mfadhili kuuliza kama watakubali KLM. Swali jingine: naweza kubeba dagaa?

MamaKirumba
Beba mwanangu. Nyama na maziwa ndiyo marufuku kuingia nayo Ulaya kutoka huku, watakunyang'anya. Samaki kwa matumizi yako wanaruhusu hadi kilo 20. Chukua waliokaushwa vizuri, soko la Mwaloni pale utawapata waliochambuliwa, safi bila mchanga.

Kayenze_Boy
Mama, harufu lakini. Begi zima la nguo litanuka.

MamaKirumba
Wakaange kidogo kwanza bila mafuta, wapoe kabisa, kisha mifuko miwili na ndoo yenye mfuniko. Wakifungwa wakiwa na joto ndipo wanapotoa harufu.

Mrorya
Chukua wa Musoma, wa Mwanza wana mchanga hata mkisema mmechambua.

MamaKirumba
Mrorya, dagaa wa Mwaloni unawajua au unasikia? Njoo Jumamosi asubuhi nikuonyeshe.

Mdau_wa_Igoma
Ngosha, mabegi mawili na ndoo ya dagaa. Kabla hujalipa soma bei uliyopewa inaruhusu mabegi mangapi ya kukabidhi, kwa KQ na kwa KLM. Bei za chini kabisa mara nyingi hazina begi hata moja, na laki mbili hizo zinaweza kuishia hapo.