Walimu, umewahi kuingia darasani na alama ya siasa mwilini? Tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe: Wakuu, heshima kwenu. Sizungumzii fulana ya kampeni, hiyo kila mtu anaijua. Nauliza vile vitu vidogo: pini, hereni, kidani, bangili.

Naanza mimi. Nilikuwa na bangili ya shanga zenye rangi za chama fulani. Dada yangu alinipa, nikaizoea hata nikasahau kama ninayo. Siku moja nasahihisha madaftari, mtoto mmoja akasogea mezani, akaitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ticha, kwa hiyo sisi hutupendi?" Baba yake ni mpiga debe wa chama kingine. Na wiki ileile nilikuwa nimempa 38 kwenye jaribio! Alama zilikuwa za haki kabisa, lakini mweleze mtoto akuelewe. Niliivua palepale.

Kengele ya Pili: Mimi niliitwa ofisini kwa pini ya chama cha walimu. Cha wafanyakazi jamani, si cha siasa! Mkuu akasema mbele ya wanafunzi vua, ofisi ya walimu vaa utakavyo. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2008 jaji mmoja New York aliamua karibu hivyohivyo: beji za kampeni mbele ya wanafunzi marufuku, ila walimu wakaruhusiwa kubandika matangazo kwenye mbao za chama chao mahali wanafunzi hawafiki. Nikanuna kidogo zaidi, halafu nikaacha.

Mzee wa Rula: Usiishie hapo, mwalimu. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wanafunzi na walimu hawauachi uhuru wao wa kujieleza kwenye geti la shule. Kesi ilianzia kwa wanafunzi waliofunga vitambaa vyeusi mkononi mwaka 1965 kupinga vita vya Vietnam. Na mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikamtetea mwalimu wa Kiingereza aliyefukuzwa kwa kitambaa kama hicho. Hakuwa amevuruga somo wala kumshawishi mtu. Kwangu mimi hapo ndipo penye mpaka: umekaa nacho kimya, au umekigeuza somo?

Chaki Nyeupe: Mzee wangu, nakuelewa, ila bangili yangu nayo ilikuwa kimya. Mtoto aliisikia.

Mama Zamu: Mimi sina hata chama. Gauni langu tu, msimu wa uchaguzi, darasa zima likaanza kunipigia alama ya vidole ya chama. Gauni lenyewe nimelinunua chama hicho hakijazaliwa 😂 Mpaka kura zihesabiwe nilivaa kijivu.

Kengele ya Pili: Chaki, yule mtoto ikawaje?

Chaki Nyeupe: Kesho yake aliutazama mkono wangu kwanza, ndipo akatoa daftari.