Naomba ushauri: mrija wa kiko cha marehemu babu umepoteza weusi

Assalam aleikum wenzangu. Niko Lamu, Mkomani. Nimerithi kiko cha marehemu babu, kilichokaa dirishani miaka kikipigwa jua. Bakuli la mbao ni zima. Mrija ndio shida: ni ule wa mpira mgumu uliopikwa na salfa, sasa umegeuka kijani cha kahawia kama tope la mikokoni, mchungu mdomoni, wanuka kiberiti. Nimeusugua kwa dawa ya meno. Kitambaa kimetoka manjano, weusi haujarudi. Msasa wa maji ninao, namba 400 hadi 2000, lakini ubavuni pana herufi ndogo zilizochongwa, na kwenye ncha alama za meno ya babu. Hizo sitaki zifutike hata kidogo. Nianze na namba gani, na herufi nizikinge vipi?