Kikundi: Familia ya Ngamiani

Mama: Zuhura, umeamkaje? Tangu jana kimya. Huko saa ngapi?

Zuhura: Shikamooni nyote. Saa nne asubuhi, tumewatangulia saa nne. Niko mtaa wa zamani wa Hanoi, nimekalia kigoda cha plastiki, magoti yanagonga kidevu 😂
(picha)

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Hicho si cha kuogeshea watoto?

Zuhura: Ndicho hicho, shangazi. Njia nzima watu wamekaa hivi, hata wenye suti, pikipiki zinatupitia mgongoni.

Mama: Na hicho unachokula kachinja nani?

Zuhura: Hakuna nyama, mama. Nimejifunza neno moja, "chay". Ukilisema tu wameelewa. Wabudha wengi hula chay tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, kwa hiyo hakuna anayekushangaa. Hii ni phở chay: tambi pana za mchele, uyoga na tofu. Supu ina mdalasini, karafuu, tangawizi na kitunguu kilichobabuliwa motoni kwanza. Yaani pilau tupu, ila wali umegeuka tambi.

Shangazi Mwanaidi: Tanga mpaka Vietnam kufuata majani 🙄

Juma: Dada, bún chả je? Ile aliyokula Obama 2016 kwenye vigoda hivyohivyo.

Zuhura: Wanachoma hapa pembeni, moshi wa mkaa umejaa kwenye mtandio wangu. Ila ni kitimoto, Juma.

Mama: Astaghfirullah! Hama meza.

Zuhura: Meza ipi? Meza yenyewe kigoda kingine 😂
Muuzaji ni bibi. Kabla ya kunipakulia akataka kujua umri wangu, kijana wa jirani akanitafsiria. Huku huwezi kumwambia mtu "wewe" hivihivi, lazima ujue ni dada, shangazi au bibi. Nikamwita "bà ơi", akacheka mpaka akaweka upawa chini, kisha akanirushia kotimiri nyingine.

Mama: Hapo nimewapenda.

Baba Mdogo: Hao ndio wanunuzi wa korosho zetu za Mtwara, zinakwenda ghafi wao wanabangua. Bakuli bei gani?

Zuhura: Dong 50,000, kama 5,000 yetu. Chakula hakina shida, baba mdogo, kazi ni kuvuka barabara! Jana nilisimama wee, mpaka mama mmoja mwenye mzega begani akanishika mkono. Unatembea polepole, hukimbii, hurudi nyuma. Pikipiki zenyewe zinakukwepa.

Mama: Usirudie.

Zuhura: Sasa hotelini nitarudije 😅 Ijumaa nilivuka kwenda kuswali. Kuna msikiti mtaa wa Hàng Lược, walijenga wafanyabiashara wa Kihindi karne ya 19.

Mama: Alhamdulillah. Ungeanza na hilo.

Zuhura: Sasa nakwenda kunywa kahawa ya yai.

Shangazi Mwanaidi: Ya nini?

Zuhura: Yai. Mwaka 1946 maziwa yalikuwa adimu, bwana Nguyễn Văn Giảng akapiga kiini na sukari mpaka kikawa povu zito, akalimimina juu ya kahawa. Kikombe kinakaa ndani ya bakuli la maji moto kisipoe.

Mama: Yai bichi! Na tumbo lako hilo?

Shangazi Mwanaidi: Mwache anywe. Zuhura, niletee kahawa tu, mayai ninayo bandani.